Dawa ya Kupaka na Kunawa

Jumatano, tarehe 14 Machi 1956. Mvua tangu alfajiri, upepo wa ziwani, pamba yote imeshika unyevu.

Ndivyo nilivyoandika siku ile katika daftari langu, na chini yake sikuongeza kitu, ingawa ndiyo siku somo wa mke wangu alipokuja kunisemesha. Niliogopa mtu asije akasoma. Sasa miaka imepita, nchi imepata uhuru, tuna watoto wawili, na mke wangu mwenyewe ameniambia niandike nikitaka, mradi nisitaje jina la mtu. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo nikikosea mahali nisamehewe. Nitajaribu kuandika kila mtu alichosema, hata pale kinaponiumbua mimi.

Kazi yangu ilikuwa kushona magodoro. Nilikuwa na kibanda mtaa wa Mirongo, mbele ya chumba tulichopanga. Pamba niliipata ya mabaki kutoka kiwandani, naianika juani, naipiga kwa fimbo mpaka ifumuke, ndipo naijaza kwenye kitambaa cha mistari na kuishona kwa sindano ndefu. Siku ya mvua pamba haipigiki. Basi siku ile nilikuwa nimekaa tu ndani mchana, na somo alijua kwamba siku ya mvua atanikuta.

Inafaa nieleze somo ni nani, maana si kila mtu ana desturi hii. Kwetu Waislamu wa pale mjini, binti akiolewa anakuwa na mwanamke mtu mzima aliyemfunda, na huyo hamwachi baada ya harusi. Ndiye anayeulizwa yale ambayo binti hawezi kumuuliza mama yake. Wazazi wa mke wangu walikuwa Bukoba, safari ya meli, kwa hiyo somo ndiye aliyekuwa macho yao. Akisema binti arudi, binti anarudi.

"Shikamoo, somo," nikamwambia.

"Marahaba. Kaa. Mke wako nimemtuma sokoni, usimtazamie."

Nikakaa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, hana haraka na neno lolote. Alikung'uta mvua kwenye kanga yake, akaikunja, akaiweka magotini.

"Una miezi sita na mwanangu," akasema. "Hajakulalamikia. Nataka ujue hilo kwanza. Ameniuliza swali tu."

"Swali gani?"

"Ameniuliza kama wanaume wote huwa wamemaliza kabla mwanamke hajajua kwamba wameanza."

Nilitazama matone yakidondoka mlangoni.

"Nimemwambia si wote," akaendelea. "Sasa nakuuliza wewe. Yule mke wako wa kwanza aliondoka kwa nini?"

"Alisema hana raha."

"Hakusema kwa nini hana?"

"Hakusema."

"Basi alikuwa na adabu. Mimi pia nina adabu, lakini nina kazi yangu. Shaabani imeandama jana. Mfungo ukiingia na mwanangu bado ana maswali, namwandikia baba yake. Wewe si mtu mbaya, nakuona. Lakini ana miaka ishirini, siwezi kumwacha azeeke akikodolea macho dari. Tafuta dawa. Wanaume mna dawa zenu, usiniambie hamzijui."

Kusema haki, hayo aliyasema bila kunidharau. Alisema kama mtu anayemwambia fundi kwamba godoro limelegea upande mmoja.

Alipoondoka nilibaki nimekaa. Kwamba ninawahi kumaliza nilikuwa najua. Nilijua tangu kwa yule wa kwanza. Ila nilidhani ni siri yangu peke yangu, na kwamba mwanamke haoni, kama mtu anavyodhani kiraka cha mgongoni hakionekani kwa sababu yeye hakioni. Na huyu sikutaka aondoke. Wa kwanza alipoondoka nilisikitika, lakini nilikula na kulala. Huyu alikuwa akikaa karibu yangu nikishona, akichagua mbegu zilizobaki kwenye pamba, akinisimulia habari za migomba ya kwao na shangazi zake wanaogombania kikaango. Nilikuwa nimezoea sauti yake kiasi kwamba akinyamaza nakosea mshono.

Jumamosi ile nilipanda baiskeli mpaka kijijini Kisesa kwa mganga mmoja ambaye wateja wangu walimsifu. Alikuwa mzee mpole, ng'ombe wake wamefungwa nyuma ya nyumba. Sikuhitaji kumweleza sana. Akanipa dawa ya kupaka, unga mweusi uliochanganywa na samli, ndani ya kibuyu kidogo kama ngumi ya mtoto. Akanipa na miiko yake.

"Ngosha," akaniambia, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mwanaume, "ukishaipaka, maji yasiiguse mpaka jua lichomoze. Dawa na maji ni maadui. Ukiiosha umeiua."

Nikarudi nayo. Jumapili jioni, mke wangu akiwa jikoni, nikajifungia bafuni nikaipaka. Kwa muda mfupi sikusikia kitu. Halafu nikasikia. Sitaki kutia chumvi, kwa hiyo niseme tu kwamba ilikuwa kama mtu aliyekata pilipili kisha akajisahau. Nilimwaga ndoo nzima, nikajaza karai, nikalikalia.

"Bwana," mke wangu akaita kutoka nje, "umeanguka?"

"Hapana. Naoga."

"Si umeoga saa kumi?"

"Joto."

"Joto na mvua hii," akasema, na nikasikia anacheka kidogo akirudi jikoni.

Nilimrudia yule mzee. Alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Nilikwambia maji," akasema. "Umeiua mwenyewe." Nilipomwomba nyingine alikataa. Alisema mtu asiyeweza kuvumilia asipotezewe dawa, na akanipa maziwa ya mgando ninywe kabla ya safari. Nimewasikia watu wanawasema waganga kwamba ni walaghai. Huyu angekuwa mlaghai angenipa kibuyu cha pili. Mimi nilimwamini kabisa kwamba kosa lilikuwa langu, la kuosha. Naomba mtu anayesoma alishike hilo, maana ndilo lililonifanya nikosee tena, na kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi.

Wiki iliyofuata jua likatoka, nikarudi kupiga pamba. Dresa mmoja wa hospitali, mfunga vidonda, alikuwa ameagiza godoro, mtu wa makamo, aliyewahi kuhudumia majeruhi huko Burma wakati wa vita. Alikuja kulitazama, akalibonyeza bonyeza kama anatafuta uvimbe.

"Bwana dresa," nikamwambia, "nina rafiki yangu."

"Mm."

"Ana shida ya nyumbani. Ya kuwahi."

"Kuwahi kazini?"

"Hapana."

"Ahaa." Akaendelea kubonyeza godoro. "Rafiki yako ana umri gani?"

"Kama wangu."

"Kazi yake?"

"Anashona."

"Anashona nini?"

Nikashindwa kuongopa kwa haraka. "Vitu vya kulalia," nikasema.

Akanitazama, akakunja uso ili asicheke, na mpaka leo namshukuru kwa kule kujizuia. Akaniambia kwamba huko vitani daktari wao alikuwa na marhamu ya bawasiri, ile inayotia ganzi ili mgonjwa aweze kukaa. Askari walioitumia kwa bawasiri waligundua kwamba inafaa na kwa jambo jingine, na daktari alipoulizwa hakukataa, aliwafundisha tu namna. Marhamu kama hiyo alikuwa nayo mwenyewe nyumbani, kwa maana naye alikuwa na bawasiri, na ndiyo sababu ya kuagiza godoro nene.

Kesho yake akaniletea kidogo ndani ya kikopo cha mafuta ya nywele.

"Mwambie rafiki yako hivi," akasema. "Achukue kiasi cha punje ya mahindi, si zaidi. Asipake penye mchubuko. Asubiri kama mtu anayesubiri uji upoe. Halafu anawe kwa maji na sabuni kabla hajamsogelea mkewe. Umesikia? Kabla."

"Nimesikia."

"Rudia."

"Apake, asubiri, anawe."

"Na kichwa chake akipumzishe. Nusu ya ugonjwa huu iko huku." Akajigusa paji la uso.

Nikamshukuru. Lakini moyoni nilifikiri, huyu ni mtu mzuri, ila ni dresa tu, hajui dawa. Dawa unayoiosha ni dawa gani? Nimetoka kuiua moja kwa maji juzi, kwa mikono yangu, na mwenye dawa mwenyewe amenithibitishia. Nikaona kunawa ni desturi ya hospitali, kama wanavyonawa mikono kila saa, usafi wao tu, hakuhusu nguvu ya dawa. Basi nilichukua agizo la mzee wa Kisesa nikalitia kwenye marhamu ya dresa. Nilipaka, nikasubiri, sikunawa. Na badala ya punje ya mahindi nilipaka kama haragwe kubwa, kwa usalama.

Lazima nikiri kwamba siku ile nilifurahi. Ilikuwa mchana, baada ya swala ya adhuhuri, mvua imerudi, mji umetulia. Sikuwahi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na nafasi hata ya kusikia mvua. Mke wangu mwanzoni alishangaa, nikaona, na mshangao wake ulinipa kiburi. Kisha akanyamaza. Nilidhani ni kunyamaza kwa furaha. Mtu akijifurahia mwenyewe haoni vizuri. Tulipoamka nilipiga pamba jioni ile nikiimba, na jirani akaniuliza kama nimepata kazi serikalini.

Nikafanya hivyo tena, na tena. Siku kama kumi. Kadiri mimi nilivyozidi kuchangamka ndivyo mke wangu alivyopungua maneno. Mbegu akawa anazichagua bila hadithi yoyote ya kwao. Ikawa nageuka namkuta anajifinya paja, taratibu, kama mtu anayebonyeza embe kujua kama limeiva.

Asubuhi moja, tukinywa chai, akasema, "Bwana, nikikuuliza kitu utacheka?"

"Sicheki."

"Ukilalia mkono, si unakufa ganzi?"

"Ndiyo."

"Mimi nasikia hivyo. Lakini si mkono."

Kikombe nikakiweka chini. "Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya mvua. Sisikii kitu. Nalala pale kama nasikiliza habari za mtu mwingine. Baadaye inarudi, halafu tena inaondoka." Akatazama pembeni. "Miezi yote ile nimesubiri, na ulipokuja wakati wangu ndiyo nikafungiwa."

Nikamwambia, "Labda ni baridi ya mvua."

Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara mbili, lakini ndiyo niliyosema. Nikijiuliza kwa haki, je, wakati ule nilikuwa nimeshajua? Nadhani nilijua nusu. Nusu nyingine nilikataa kuijua, kwa sababu kuijua kulikuwa na maana ya kutaja kikopo, na kutaja kikopo kulikuwa na maana ya kukiri kwamba dawa ndiyo mwanaume na mimi siye.

Yeye akaenda kwa somo. Na somo, kwa yale aliyokuwa nayo mkononi, alifikiri sawasawa. Binti mzima, mumewe ghafla amekuwa hodari, na siku hiyo hiyo binti anapoteza hisia zake. Akasema binti amefungwa na mtu. Nani? Mwenye sababu ni mmoja tu, yule mke wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa akiuza dagaa sokoni na hakuwa ameolewa tena. Huo ndio mti waliouendea na shoka, na mwenye kosa ni mimi niliyekaa chini yake.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nje najaza godoro. Somo akaja na mtoto wa kaka yake wa kubeba mzigo, akamwacha barazani, akaingia. Nikasikia sanduku linavutwa kutoka chini ya kitanda. Nikaingia na sindano mkononi.

Mke wangu alikuwa anakunja kanga zake. Hakuwa analia. Alikunja kila moja vizuri, anaisawazisha pembe kwa pembe.

"Anakwenda Bukoba na meli ya kesho," somo akaniambia. "Si kwa ubaya. Huku amefungwa, akae mbali mpaka afunguliwe. Na yule muuza dagaa wako, nimekwenda kumtazama. Ana macho ya kutosema. Nikishamsindikiza mwanangu nitarudi sokoni kumuuliza mbele ya watu."

"Hajafanya kitu yule," nikasema.

"Unamtetea?"

"Simtetei. Hajafanya."

"Umejuaje?"

Mke wangu aliacha kukunja. Aliniangalia, na nikaona anaogopa jibu, kwamba labda bado namtaka yule. Nilijua nikinyamaza dakika ile nampoteza huyu, na yule naye anaitwa mchawi sokoni kwa kosa langu. Sikuwa shujaa. Hakukuwa na mlango mwingine wa kutokea.

Nikapanda juu ya kiti, nikakitoa kikopo nyuma ya boriti nilipokificha, nikakiweka mezani.

"Hiki ndicho kilichomfunga," nikasema.

Nikaeleza yote, kuanzia Kisesa mpaka dresa. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kusahau, na neno lenyewe nikashindwa kulitamka mbele ya somo, nikasema "lile jambo." Mke wangu alikaa kitandani. Somo akafungua kikopo, akanusa.

"Marhamu hii inatia ganzi?"

"Ndiyo, somo."

"Tutaona." Akachota kwa kidole, akajipaka kwenye mdomo wa chini, akakaa akingoja, mikono magotini. Sisi wawili tulimtazama. Nje yule mtoto wa kaka yake alikuwa anapiga mluzi. Baada ya kitambo somo akaugusa mdomo wake. Akaugusa tena. Akaubinya.

"Mbona umekwenda," akasema, lakini ilitoka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. "Mdomo wangu uko wapi?"

Mke wangu akaweka kanga usoni. Nikadhani analia sasa. Mabega yalikuwa yanatikisika. Kumbe anacheka, na alipoanza hakuweza kuacha, mpaka akalalia sanduku. Somo naye alijaribu kumkaripia, lakini mdomo haukumtii, mate yakamtoka upande mmoja, naye akashindwa.

Mdomo ulipoanza kurudi, akanigeukia, na hapo hakuwa anacheka.

"Wewe," akasema, "nilikwambia utafute dawa. Sikukwambia uifiche. Mtoto wa watu siku kumi anadhani mwili wake umekufa, na wewe unasema baridi ya mvua."

"Nilikosea, somo."

"Dresa alikwambia unawe?"

"Aliniambia."

"Akakutaka uyarudie maneno yake?"

"Nikayarudia."

"Kwa nini hukunawa?"

"Nilidhani nitaiua."

"Dawa ya Kisesa ina sheria za Kisesa," akasema. "Hii ya hospitali ina za hospitali. Wewe umeoa dawa mbili ukazichanganyia mahari." Akakifunika kikopo, akampa mke wangu. "Kikae kwako. Akitaka aombe. Wewe ndiye utakayempimia, na wewe ndiye utakayemletea maji ya kunawa, ya uvuguvugu, na sabuni. Hakuna kujifungia bafuni. Mwanaume anayejipaka peke yake gizani anapaka kama anatia grisi ekseli."

Halafu akamwita yule kijana, akamwambia arudi nyumbani, mzigo hakuna. Na mimi akaniambia neno la mwisho. "Yule wa sokoni, nimemtazama vibaya mbele ya wenzake. Hilo ni langu, nitamwomba radhi mwenyewe. Lakini na wewe una lako kwake."

Zilipita siku mbili kabla sijakwenda. Nilipofika sokoni mke wangu wa kwanza alikuwa anapepeta dagaa kwenye ungo. Tukasalimiana.

"Yule mama mnene wa kwenu," akasema, "alikuja akanikagua kama ng'ombe wa mnada. Jana amerudi ananiomba radhi na sabuni ya kipande. Kuna nini?"

Nikamwambia kulikuwa na kosa, na kosa ni langu. Nikataka kuishia hapo. Kisha nikaona si haki, kwa maana na yeye aliwahi kukaa katika nyumba ile. Nikainama kama nachagua dagaa, nikamwambia kwamba alipoondoka hakuwa na ila yoyote, kwamba shida ilikuwa kwangu na sasa naitibu.

Akapepeta kidogo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilidhani ni mimi. Nilidhani kuna kitu sikufundwa."

"Hapana."

"Ungeniambia wakati ule."

"Nilikuwa sijui kusema."

"Haya," akasema. "Sogea basi, unanizibia wateja."

Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema kumwambia au nilijipunguzia mzigo wangu tu kwa kumwekea yeye. Mke wangu anasema nilifanya vyema. Mwaka uliofuata aliolewa na fundi wa mitumbwi, na nikikutana naye ananisalimu bila kinyongo, kwa hiyo labda.

Dawa yenyewe niseme ukweli wake, kwa kuwa huenda mtu akaisoma habari hii kwa kuihitaji. Ilifaa, lakini si kama zile siku kumi nilizopaka kama haragwe. Kiasi cha punje ya mahindi, kungoja uji upoe, kunawa vizuri. Kuna siku ilisaidia sana, kuna siku ilisaidia kidogo, na siku moja au mbili haikusaidia kabisa, tukacheka tukalala. Mwanzoni niliona aibu mke wangu aniletee bakuli la maji na sabuni, kama mgeni anayenawishwa mikono kabla ya pilau. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, "Karibu unawe, mgeni," akanitilia maji kwa kata huku amegeuza uso pembeni kwa heshima ya mzaha. Baada ya hapo aibu haikupata pa kukaa.

Na kilichotokea ambacho sikukitazamia ni kwamba tulizungumza. Kile kitambo cha kungoja hakina kazi nyingine. Ukishapaka huwezi kwenda kupiga pamba. Tulikuwa tunakaa, yeye ananiuliza jambo, mimi namwuliza, mambo ambayo kwa miezi sita sikuwa nimethubutu. Aliniambia anachopenda na asichopenda. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuulizwa hivyo akajibu. Nilimsimulia dresa, naye akajigusa tena paji la uso na kusema, "Si nilikwambia?" Ilipofika kipupwe tulikuwa tunakisahau kikopo kwa wiki nzima. Sisemi nimepona, sijui kupona maana yake nini katika jambo hili. Hakijaisha kikopo, ndilo ninaloweza kusema.

Lakini hayo ya kipupwe yalikuja baadaye. Siku chache kabla ya mfungo kuingia, somo alikuja kwa ajili ya ile barua aliyoitaja. Ilikuwa alasiri, jua zuri, nimeanika pamba uwanja mzima. Mke wangu alikuwa anaparua magamba ya samaki mlangoni. Somo akakaa kwenye godoro la mteja lililokuwa limekamilika, akalijaribu kwa makalio, akaridhika.

"Haya," akamwambia mke wangu, nami nikiwa pale pale, kwa makusudi nadhani. "Meli inaondoka kesho, na ninaye mtu wa kubeba barua. Nimwandikie nini baba yako?"

Mke wangu aliendelea kuparua. Magamba yalikuwa yanaruka mpaka kwenye pamba yangu, nikanyamaza.

"Mwandikie nimenenepa," akasema.

"Hilo tu?"

"Mama atalielewa. Mtu asiye na raha hanenepi."

Somo akanigeukia. "Na wewe fundi? Una neno la Bukoba?"

"Wasalimie," nikasema. Nilitaka kuongeza kitu, nikaona chochote nitakachoongeza kitaharibu.

Akacheka kwa ile sauti yake ya taratibu, akasema basi barua itakuwa fupi na yeye hana haja ya kuwahi kwenda kuiandika. Akavua viatu, akamwomba mke wangu kisu cha pili, akaanza kumsaidia. Jioni ile tulikula watu watatu kwenye sinia moja ugali wa muhogo, sato wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu, na matembele yaliyoungwa kwa karanga, na somo akakomba sufuria.